Siku Moja Bagamoyo Ukiwa Safarini Kwenda Kaskazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wasafiri wanaotoka Dar es Salaam na gari lao kwenda Tanga, Moshi au Arusha, wakapanga kuigawa safari. Desemba, watu wanapokwenda mkoani Kilimanjaro kula sikukuu, magari hupita Bagamoyo mfululizo, na mengi husimama sheli tu. Naandika kwa sababu naupenda mji huu, na naamini mtu akiupa siku nzima ataondoka akiielewa pwani yetu kuliko alivyoielewa darasani.

Kwa nini nipite Bagamoyo badala ya Kibaha na Chalinze?

Kwa sababu ya malori. Barabara ya Kibaha hadi Chalinze inabeba mizigo yote ya Morogoro, Dodoma, Mbeya na nchi za jirani, na ukinaswa nyuma ya semitrela pale Mlandizi utaijutia asubuhi yako. Bagamoyo iko kilomita kama 70 kutoka Dar. Kutoka hapo lami ya kilomita 64 inakufikisha Msata, unaingia barabara kuu ya Segera na safari inaendelea.

Tatizo ni kutoka Dar kwenyewe. Tegeta, Boko na Bunju hufunga mapema, kwa hiyo washa gari saa kumi na moja alfajiri. Ukishavuka Mapinga, chunga vibao vya 50, maana vijiji vimefuatana na tochi za trafiki hazilali.

Siku moja inatosha?

Inatosha kwa mji, Kaole na misheni, mradi usiongeze kitu kingine. Haitoshi ukitaka na hifadhi ya Saadani.

Nianzie wapi?

Anzia Kaole, hata kama kila mtu atakuambia uanze na mji. Magofu yako kilomita kama 5 kusini mwa mji, na asubuhi kabla ya saa tatu jua halijawa kali na pamepoa. Sababu kubwa zaidi ni mpangilio: Kaole ilikuwapo karne nyingi kabla ya mji unaouona leo, na ukianza na majengo ya Wajerumani utadhani historia ya hapa ilianza na wao.

Msikiti wa zamani wa Kaole ni wa karne ya 13, miongoni mwa ya kale kabisa katika pwani ya bara. Kuta zimebaki, kibla kimebaki, na kisima kipo. Kandokando kuna makaburi yenye nguzo za mawe. Sogea karibu na nguzo, uangalie juu: utaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, pambo la kaburi la mtu mwenye hadhi. Bakuli zimetoka, lakini alama zimekaa palepale, na ukipeleka kidole kwenye ukingo wa kishimo unausikia mkunjo wa bakuli lenyewe. Vipande vya kaure na shanga vilivyofukuliwa viko kwenye kijumba cha makumbusho hapohapo, usikipite.

Kaburi la Sharifa bado linatembelewa na watu wenye dua zao. Ukimkuta mtu amekaa na ubani wake, mpishe. Si maonyesho. Mbuyu ulio karibu unasemwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 500, na wazee wanasema anayeuzunguka anaongezewa umri. Watoto wataupenda mzunguko huo.

Inasemwa Kaole ilikufa kwa sababu mikoko ilijaa na matope yakaziba njia ya vyombo, biashara ikahamia kaskazini kidogo. Ukisimama upande wa bahari ukaitazama mikoko ilivyosongamana, maelezo hayo yanakubalika kwa macho. Hata hivyo jina la Kaole halikupotea: mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walianzia hapa safari yao ya kuyatafuta maziwa makuu.

Nikifika ufukweni nimekuta maji yamekwenda mbali, ni matope tu. Nimekuja siku mbaya?

Hapana, umekuja wakati mzuri kuliko unavyodhani. Swali hili linaulizwa kwa masikitiko na watu waliozoea picha za Zanzibar.

Pwani ya Bagamoyo ni kina kifupi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari inarudi nyuma mno na madau yanabaki yamelala ubavu juu ya mchanga. Wachukuzi wanatembea hadi kwenye chombo, maji yakiwafika magotini, wanarudi na mzigo begani. Chukua muda uwatazame, kwa sababu kina hicho kifupi ndicho kilichoujenga mji na ndicho kilichouangusha.

Jahazi halihitaji gati. Linaingia na maji kujaa, linakaa mchangani maji yakitoka, linapakuliwa kwa miguu, linaondoka na maji yanayofuata. Tena Unguja iko ng'ambo tu. Ndiyo maana misafara ya kutoka Tabora na Ujiji iliishia hapa: pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, na pamoja nao watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Njia hiyo ya kati ya pembe na utumwa iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006.

Kisha zikaja meli za mvuke. Hizo haziwezi kulala mchangani, zinataka kina. Wajerumani waliofanya Bagamoyo makao yao makuu walijikuta meli zao zinatia nanga mbali na kila sanduku linahamishiwa kwenye mashua. Dar es Salaam ilikuwa na bandari yenye kina iliyojikinga na mawimbi, na mwaka 1891 makao makuu yakahamia huko. Kwa hiyo ukiona tope lile, unaona kwa nini Dar ni Dar na Bagamoyo imebaki mji mdogo.

Ukitaka bahari ya kuogelea, uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Watakujibu bila kutazama saa.

Mji Mkongwe una nini hasa? Nimesikia ni magofu tu.

Kuna magofu, na inauma. Nyumba nyingi za barabara ya pwani zimeng'oka paa, mizizi imeingia ukutani, na kila masika kuna ukuta unaoanguka. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo, dari likashikwa na boriti za mikoko. Nyumba kama hiyo inataka kupakwa chokaa mara kwa mara. Ukiiacha, maji yanaingia, na boriti ikioza dari linashuka. Anayeziba nyufa kwa saruji anaharakisha uharibifu, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani. Nawaheshimu sana wachache ambao bado wanapaka chokaa.

Ingia kwenye nyumba moja ukiruhusiwa, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Si ubahili wa mwenye nyumba. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, na boriti nzuri haizidi mita tatu hivi.

Majengo ya kutafuta ni haya. Ngome Kongwe ilijengwa karibu mwaka 1860 kama makazi ya mfanyabiashara, baadaye ikashikwa na askari wa sultani, Wajerumani, kisha ikawa gereza. Karavanserai, kituo cha misafara, sasa ni makumbusho na ni mahali pazuri pa kumpata mwongozaji. Boma la Wajerumani, la mwaka 1897, lina matao na ghorofa moja, na hata usipoingia utaliona vizuri kutoka nje. Jirani na bahari kuna makaburi ya askari wa Kijerumani na, si mbali, mnara mdogo mahali waliponyongewa wenyeji waliopinga utawala wao.

Simama kwenye mnara ule. Vita vya 1888 na 1889 vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim viliwaka pwani nzima, na Bagamoyo ilichomeka sehemu kubwa. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Makaburi ya askari wa Kijerumani yana majina na uzio. Waliowapinga wana kibao kimoja. Mweleze mtoto wako hilo, ataelewa.

Je, ni kweli mwili wa Livingstone ulilazwa hapa?

Ni kweli. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Watu aliosafiri nao, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 24 mwili ukalala katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London.

Kwenye vibao vingi jina kubwa ni la Livingstone. Mimi nikifika pale nawafikiria wabebaji: miezi, mito, njaa, na vijiji visivyotaka maiti ipite.

Misheni yenyewe ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Walikomboa watumwa na kuwapa makazi kwenye eneo lililoitwa Kijiji cha Uhuru. Kanisa la kwanza ni la 1872, na mnara wake ndio unaotembelewa. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilikamilika 1914. Makumbusho yako kwenye nyumba ya zamani ya masista na ndiyo yaliyopangwa vizuri kuliko yote mjini. Yape saa nzima. Minyororo ya watumwa iliyomo ni mizito kuliko picha zinavyoonyesha.

Nje kuna mbuyu uliopandwa 1868. Mama mmoja Mfaransa aliyefanya kazi hapo alifungia punda wake kwa mnyororo, mti ukanenepa, ukaumeza. Leo zimebaki pete chache zinazochungulia kwenye gome.

Nimchukue mwongozaji, au nitembee mwenyewe?

Mchukue. Kaole na Mji Mkongwe bila maelezo ni kuta. Mchukue anayepatikana kwenye ofisi au makumbusho, mwenye kitambulisho, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Anayekufuata barabarani akikuita "ndugu yangu, nikuonyeshe" mshukuru uendelee. Na muulize mwongozaji wako kwao ni wapi. Akiwa mzawa wa Dunda au Magomeni, atakuonyesha nyumba ya bibi yake pia, na hapo ndipo ziara inapokolea.

Wazee walioketi barazani wana mengi kuliko sisi sote. "Shikamoo mzee" kwanza, maswali baadaye. Ukianza na kamera utapata picha na hutapata habari.

Tule wapi, na tule nini?

Asubuhi kula vitumbua na chai ya rangi kwa mama yeyote mwenye foleni ya wenyeji. Mchana nenda soko la samaki ufukweni. Vyombo vikiingia, samaki wanamwagwa mafungu mafungu juu ya mchanga au turubai, dalali anasimama katikati, anataja bei, wanunuzi wanapandisha kwa kidole au kwa kuinua nyusi, na fungu la vibua limeuzwa kabla hujajua nani kanunua. Akina mama wenye ndoo husubiri pembeni kununua kwa dalali na kugawa upya kwa rejareja. Nunua kwao. Ni bei ya haki, na ukisema "nipunguzie kidogo mama" kwa adabu, utaongezewa samaki badala ya kupunguziwa hela.

Hatua chache kutoka mnadani kuna makarai ya kukaangia. Chagua changu au tasi, akaangwe mbele yako, ule na muhogo, ndimu na pilipili. Pweza wa mchuzi wa nazi anahitaji muda, kwa hiyo kama ndicho unachokitaka, agiza kwa mama lishe asubuhi ukipita, urudi saa saba.

Hoteli za ufukweni zina wali wa nazi mzuri na upepo, ila chakula kinachukua saa nzima na zaidi. Piga simu kabla.

Naweza kubeba samaki hadi Moshi?

Ukiwa na deli na barafu, ndiyo. Nunua mwisho wa siku unapoondoka, utumbo utolewe palepale. Bila barafu beba waliokaangwa wakakauka, wanafika salama.

Mavazi na picha je?

Ni mji wa Waislamu wengi na wa watu wenye stara. Kanga begani na suruali au gauni linalopita magoti vinatosha, na nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa wavuvi na akina mama sokoni. Mwezi wa Ramadhani njoo, lakini vyakula vya mchana mitaani vitakuwa vichache, na kula hadharani si adabu. Futari ya jioni inafidia kila kitu.

Ni salama?

Mjini mchana, ndiyo. Usitembee ufukweni peke yako kati ya mji na Kaole ukiwa na simu au kamera mkononi, kwa sababu kuna vipande vilivyojificha na watu wameporwa. Panda bajaji au nenda na gari. Gari lako liegeshe misheni au hotelini, vioo juu, mabegi yasionekane.

Viingilio vinalipwaje?

Maeneo ya serikali hulipiwa kwa namba ya malipo unayopewa langoni, unalipa kwa simu. Weka salio kwenye simu kabla. Misheni na waongozaji wanapokea taslimu, na Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho.

Nina watoto wadogo. Hawatachoka?

Watachoka na historia saa tano asubuhi. Wape mbuyu wa Kaole, mnyororo wa misheni, mnada wa samaki, kisha bahari maji yakijaa. Maelezo ya utumwa wape kwa kiasi cha umri wao, lakini wape.

Kuna ngoma au maonyesho?

TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ndiyo chuo kilichoanzishwa 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa. Wasanii wengi unaowajua walipita pale. Kila mwaka kuna tamasha la kimataifa, lililoanza 1982. Siku za kawaida pita getini uulize kama kuna mazoezi au onyesho jioni. Mara nyingi ngoma utaisikia kabla hujaliona geti.

Masika inafaa?

Machi hadi Mei ni mvua. Mji unapitika, ila njia ya Kaole hutota, na bonde la Ruvu kwenye barabara ya Msata linaweza kujaa maji. Uliza madereva kabla hujaondoka. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, hewa kavu na upepo wa kusi.

Sina gari. Nifanyeje?

Daladala za Bagamoyo zinatoka Dar kila siku, kuanzia kituo cha Makumbusho. Mjini ni bajaji na bodaboda. Ukitaka kuendelea kaskazini, panda gari dogo hadi Msata, usubiri basi la Tanga au Arusha, ila fika mchana. Mabasi mengi ya asubuhi yanakuwa yamejaa.

Naweza kuvuka kwenda Zanzibar kwa jahazi?

Usifanye. Majahazi yanayovuka ni ya mizigo, hayana vifaa vya kuokoa abiria, na bahari ya mkondo huu si ya mzaha. Boti za abiria zinaondokea Dar.

Na Saadani?

Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, mbuga inayogusa bahari, na inastahili siku yake na usiku wake. Kuibana kwenye mchana wa Bagamoyo ni kuzipunja sehemu zote mbili.

Jioni tulale au tuendelee?

Ukiwa unaelekea Tanga na ukaondoka kabla ya saa tisa alasiri, endelea. Ukielekea Moshi au Arusha, lala. Kutoka Msata kwenda Segera usiku kuna malori yasiyo na taa za nyuma na watembea kwa miguu wasioonekana, na dereva aliyezunguka juani tangu alfajiri hana macho ya kutosha. Gesti za bei nafuu ziko upande wa Magomeni, za ufukweni ni ghali kidogo. Hakikisha chandarua hakina matundu, mbu wa hapa si wachache.

Asubuhi ukiondoka, simama Kiwangwa. Mananasi yamepangwa barabarani kuanzia alfajiri. Chagua lenye harufu kwenye kitako, lililoanza njano chini na bado kijani juu. Hilo ndilo litakalofika kwenu likiwa bado zuri.